Mjukuu wa Boay na Lango la Praha

Leonce Clemensi Boay Margwe, wa Ganako, Karatu. Margwe ndiye aliyekata nyumba ndani ya ubavu wa kilima, akaezeka kwa udongo mpaka majani yakaota juu ya paa, wavamizi wakapita kichwani mwake huku ng'ombe wake wako chini wanacheua. Boay, mwana wa Margwe, mume wangu, ndiye aliyechimba matuta ya kukinga maji kuanzia barabarani mpaka bondeni, misimu saba, kwa mikono yake. Clemensi, mwana wa Boay, ndiye aliyechelewa geti kwa dakika kumi na mbili. Na Leonce, mwana wa Clemensi, ndiye aliyekwenda Ulaya kusoma udongo.

Nimewapanga hivyo makusudi. Mwenye macho ataona ukoo wetu unaelekea wapi.

Habari za Leonce zimeshasemwa mno na watu wasiomjua. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, walimfanyia sherehe ya kumuaga katika ukumbi mmoja pale Karatu mjini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Aikaeli, mwenye duka la mabati na misumari, mtu aliyekuja kwetu kutoka Machame na begi moja na sasa anatupangia nani akae meza ya mbele. Keki ilitengenezwa umbo la ndege. Leonce alikata bawa, akamlisha baba yake, baba yake akalia. Kijana wa kipaza sauti akasema Leonce ni simba wa Ganako, ameshinda vijana elfu, anakwenda kuwafundisha Wazungu. Mimi nilivishwa ua la plastiki nikaambiwa nitabasamu kwa ajili ya picha. Sikutabasamu. Mtu anakwenda kusoma, hajasoma bado, wewe unamkatia keki ya nini? Kwetu asifiwaye ni aliyevuna. Aliyekwenda kuomba mbegu haimbiwi.

Kisha Clemensi akapewa nafasi amuusie mwanawe. Nikatega sikio. Nilidhani atamtajia babu yake. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, huko uendako, cha kwanza angalia saa ya geti. Geti ni geti." Watu wakapiga makofi, na wengine, hasa madereva, wakasimama kabisa.

Niwaeleze wasiotufahamu. Hapa Karatu tunaishi kwa geti. Barabara ya lami inapita katikati yetu inapanda mpaka Lodoare, na hapo ndipo unapoingilia Ngorongoro. Magari ya wageni yanapita alfajiri, yanateremka kreta, na kabla ya saa kumi na mbili jioni yawe yameshatoka. Ukiwa mgeni una kibali, na kibali kina saa. Wamasai wanaoishi ndani ni wenyeji, wana mambo yao, mgeni hutoka. Mtoto wa Karatu anajua saa ya geti kabla hajajua Baba Yetu.

Clemensi alikuwa dereva wa wageni. Siku moja mgeni wake akaona faru kwa mbali, akamwomba dakika kumi. Clemensi akampa. Wakafika getini dakika kumi na mbili baada ya muda, faini ikaandikwa, na kampuni yake ikamwachisha kazi wiki ileile. Tangu hapo ni miaka kumi na sita. Mwanamume mzima, mwana wa Boay, anakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu akisimulia zile dakika kama wenzake wanavyosimulia vita. Watoto wake walikula kwa saa, wakaoga kwa saa, wakaambiwa kila jambo lina geti. Mimi nilikuwa nasikia nikitema mate pembeni.

Kwa sababu mimi nakumbuka kabla. Nilikuwa msichana wa darasa la pili, kabla ya uhuru, nilipopanda na baba yangu na punda wawili kupeleka mahindi kwa Wamasai wa kule juu. Hakukuwa na geti. Kulikuwa na ukungu, na nyati, na akili zako. Tulilala kwa mama mmoja aliyeitwa Naishorua, akatupa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Asubuhi baba akasema tunaondoka, tukaondoka. Hakuna aliyetuangalia saa.

Leonce sasa. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Akiwa darasa la tano alinichosha kwa maswali, kwa nini maji ni mekundu, kwa nini mbaazi za juu ni fupi. Akaenda chuo cha kilimo kule Morogoro, akarudi na cheti, kazi hakuna. Akafanya alichofanya baba yake: akashika usukani. Miaka minne aliendesha wageni, na hiyo ndiyo iliyomharibu. Mtembeza wageni haulizi. Yeye ndiye huulizwa. Huyu ni ndege gani, ule ni mlima gani, yule mzee ana wake wangapi. Akijua anajibu, asipojua anajibu vilevile. Ukizoea kuwa na majibu miaka minne, ulimi wa kuuliza unakauka kama ngozi iliyosahauliwa juani.

Halafu ikaja barua ya ufadhili. Mji ni Praha, nchi ya Cheki. Sisi wa zamani tuliiita Chekoslovakia. Katekista wetu alikuwa na pikipiki yao, inanguruma kuliko inavyokwenda. Chuo chenyewe sitakitaja, kisije kikadhani ninakisifu. Sharti la barua lilikuwa moja tu: katika wiki ya kwanza, Jumatatu mpaka Ijumaa, aonane uso kwa uso na profesa wake, amtilie saini karatasi ya kumpokea. Profesa yule mchana yuko mashambani, kwa hiyo huwapokea wanafunzi saa moja jioni kwa saa za kule. Isipotiwa saini hadi Ijumaa, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Leonce alinisomea barua hiyo mwenyewe, jikoni kwangu, mara mbili.

Akaenda. Jumapili akapiga simu kutuonyesha mji. Mimi sina simu ya kuonyesha sura, kwa hiyo tunatumia ya Anneth, mdogo wake, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya wageni na ana kucha ndefu ambazo hazijawahi kugusa jembe. Nikaona minara myeusi kama sufuria ya msibani. Leonce anasema, "Bibi, huu una miaka mia tano na zaidi!" Nikamwambia naona, hata kuusugua hawajausugua. Nyumba ya Margwe ilikuwa kavu, ya joto, na mvua haikuwahi kuingia. Mwaka wa vijiji vya ujamaa walikuja vijana wenye kalamu wakatuambia ni aibu, tuibomoe, tujenge za bati. Tukabomoa. Leo mjukuu wa nyumba ile anapandishwa ndege aende akashangae jiwe lenye masizi.

Jumatatu hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano akatuma ujumbe kwamba mji ni mzuri na baridi ipo. Alhamisi kimya. Clemensi akasema, "Yuko masomoni." Nikasema, "Mwenye habari njema hakai nayo siku nne."

Ijumaa saa saba mchana nilikuwa napeta maharage uani, Anneth yuko kwenye mapumziko yake ya mchana, Clemensi yuko kwenye kigoda chake. Simu ikaita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona una sura ya mtu aliyekula mbegu?"

"Ni baridi tu, Bibi."

"Baridi haimkwepeshi mtu macho. Profesa ametia saini?"

Akatazama pembeni. "Bado."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Amekukataa?"

"Hajanikataa, Bibi. Sijamwona."

Nikaweka ungo chini. Anneth akasogeza simu karibu na uso wangu kana kwamba ndipo ningesikia zaidi.

"Profesa yuko ndani," Leonce akasema. "Ndani ya mji wa zamani. Hosteli yangu iko nje ya lango. Yeye anapokea watu saa moja jioni, na lango linafungwa saa kumi na mbili. Nilimwandikia nikaomba anione saa kumi. Akanijibu neno moja: saa moja."

"Wanafunga mji?" Anneth akauliza.

"Wanafunga. Nimesoma ubao mwenyewe, saa ya kufungua na saa ya kufunga, na kiingilio. Jumatatu nilipanga foleni, nikalipa, nikapewa tiketi. Wakanielekeza nipande juu kwanza, ngazi mia moja themanini na kitu. Nikaona ndio utaratibu, kama kwetu pale ukingoni, kila gari lazima lisimame mgeni aone kreta. Nikapanda, nikaona mapaa, nikashuka, nikaingia mjini. Kila siku ni hivyo. Saa kumi na moja na nusu mama mwenye funguo anaanza kuwaita watu, na makundi ya wageni yanatoka, kiongozi mbele na kibendera. Na mimi natoka."

"Unatoka," nikasema.

"Natoka mapema, Bibi. Sijachelewa hata siku moja."

Pale kwenye kigoda Clemensi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona.

"Wenye nyumba humo ndani," nikamuuliza Leonce, "wakienda kwa mashemeji zao wakachelewa, wanalala majanini?"

"Hao ni wenyeji, Bibi. Wenyeji hawalipi, nimewaona wanapita bila tiketi. Ni kama Wamasai wa ndani. Sisi wageni ndio tuna saa."

Hapo sikumcheka. Kwa sababu kijana hakuwa amerukwa na akili. Alisema kama alivyolelewa. Mtu mwingine yeyote duniani, Mhaya, Mnyamwezi, Mzungu, angepita chini ya lile lango akila karanga. Ni sisi tu wa Karatu tunaoweza kwenda mpaka Ulaya tukajitafutia geti la kututoa saa kumi na mbili.

"Huyo mama wa funguo anawaita watu washuke kutoka wapi?"

"Juu ya mnara."

"Kisha anafunga nini?"

"Mlango."

"Mlango upi? Wanapopita watu wa mji, au wa ngazi?"

Nyuma yake nilisikia kengele ikipiga.

"Wa... wa pembeni," akasema.

"Upana wake?"

"Wa mtu mmoja."

Anneth akashika mdomo, lakini kicheko kilishatoka. "Kaka Leonce! Umelipa kupanda mnara siku nne! Na hosteli yako umeikimbilia kama kuku anayekimbilia bandani!"

"Nyamaza wewe," Leonce akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeisha.

"Mwache acheke," nikasema. "Anacheka bure, wewe umelipia. Sasa niambie: umemuuliza mtu hata mmoja? Hosteli nzima, barabara nzima, mtu mmoja?"

"Nitaulizaje, Bibi? Wenzangu wanajua nilikuwa natembeza wageni. Niulize lango linafungwa lini, kama mgeni?"

"Wewe ni nani huko? Mwenyeji? Ulizaliwa chini ya hayo masizi?"

Hapo Clemensi akainuka, akaja akainamia simu. "Mama, usimkaripie mtoto. Amefanya vizuri kuwa mwangalifu. Leonce, mwanangu, andika barua uombe radhi. Eleza. Watakupangia siku nyingine."

"Clemensi," nikamwambia, "wewe umeomba radhi miaka kumi na sita. Umepangiwa siku gani?"

Akarudi kwenye kigoda chake. Sina majuto.

"Leonce. Leo hutoki. Saa kumi na mbili ikifika, simama katikati ya lango hilo, pale pana, uwatazame wanaokuja kukufukuza. Kisha nenda kwa profesa."

"Na wakinikamata, Bibi? Kuna viza..."

"Wakikukamata utakuwa umekamatwa ukienda shule. Baba yako alikamatwa akitazama faru."

Nikamrudishia Anneth simu yake. Maharage yalikuwa bado na takataka.

Aliyoyafanya jioni ile nimeyapata kwake siku iliyofuata, na nimemhoji kama hakimu, kwa hiyo ninayoandika ni yale aliyoshindwa kuyapamba.

Saa kumi na moja na nusu alikuwa chini ya lango. Wageni wakatoka na vibendera vyao, na miguu yake, anasema, ilitaka kuwafuata yenyewe. Akashika ukuta. Saa kumi na mbili kamili mama wa funguo akafunga kile kimlango cha ngazi, akakitikisa mara mbili, akatia funguo mfukoni, akatoa mkate akaanza kula, akaondoka zake. Hakwenda nje, alielekea ndani. Leonce akangoja askari. Akapita mzee na mbwa. Wakapita wasichana watatu, mmoja amebeba chombo cha muziki kikubwa kama jeneza la mtoto. Ikapita baiskeli. Akangoja robo saa nzima, simba wa Ganako, mgongo ukutani, akingojea kufukuzwa na watu ambao hawakuwa na habari kwamba yupo. Anasema hilo ndilo lililomuuma: hakuna hata aliyemtazama.

Ndipo akakimbia. Na kwa kuwa barabara za ndani alizijua mchana tu, akapotea zaidi ya saa nzima, akafika kwenye jengo la chuo profesa anashuka ngazi, koti limefungwa vifungo vyote, funguo mkononi. Ni mama mrefu wa miaka sitini na kitu, anasema, na viatu vyake vilikuwa na tope. Hilo la tope nililipenda.

"Wewe ndiye wa Jumatatu," mama yule akasema.

"Ndiye."

"Na wa Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi."

"Ndiye."

"Ulikuwa unaumwa?"

Hapa, ndugu msomaji, uongo ulikuwa umepikwa na kupakuliwa, ni kuula tu. Leonce akasema, "Hapana. Nilidhani mji unafungwa saa kumi na mbili."

Profesa akamtazama. Akamwomba arudie. Akarudia, akaeleza Lodoare, na kibali, na wenyeji, na ule mnara. Mama yule hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema, "Mimi natafuta mtu wa kwenda kuchimba mashimo kwenye mashamba ya watu wasiomjua. Atabisha hodi, ataomba, atauliza maji yalipita wapi miaka thelathini iliyopita. Wewe umekaa siku nne chini ya tao, hukuweza kumuuliza mpita njia. Nimeshafuta jina lako. Wa pili kwenye orodha nitamwandikia nikifika nyumbani."

Akaanza kutembea.

Baba yake angebaki pale. Angebaki kwenye ngazi zile akiandika barua ya radhi mpaka leo. Leonce, sijui ni damu ya nani iliyomshika, nafikiri ninajua, akamfuata. Akamwambia, "Samahani, mama, unapita njia gani kwenda nyumbani? Naweza kwenda nawe mpaka hapo?"

Mama akasema, "Hilo ni swali la kwanza."

Wakaenda. Anasema walipita uwanja wenye saa kubwa ambayo wageni huikodolea macho, profesa hakuitazama, na yeye safari hii hakuitazama. Aliuliza. Aliuliza kwa nini viatu vina tope, akaambiwa shamba la viazi lililoko kaskazini. Aliuliza udongo wa huko ukoje ukilowa. Profesa naye akamuuliza: "Kwenye barua yako uliandika korongo linakula shamba la babu yako. Uliandika chanzo ni mabadiliko ya tabianchi. Kila mtu ananiandikia hivyo. Wewe mwenyewe unaamini?"

Walikuwa wamefika darajani, lile la mawe lenye sanamu za watakatifu huku na huku wasioabudiwa, njiwa tu ndio wanaotua vichwani mwao. Leonce akasimama. Nilipofika hapa nilimwambia anieleze polepole.

Kwa sababu korongo lile nalijua lilipozaliwa. Matuta ya Boay yalikinga maji miaka arobaini. Boay alipokufa, Clemensi alikuwa na gari la kampuni, lile la kijani lenye paa la kufunguka. Barabara iko juu ya shamba. Mtu mwenye akili angeliacha gari barabarani akashuka kwa miguu. Clemensi alitaka lionekane uani, majirani walione. Kila jioni, masika na kiangazi, akateremsha gari lile juu ya matuta ya baba yake, akayakata moja baada ya jingine kwa magurudumu. Nilimkataza. Akasema, "Mama, ni tairi tu." Masika ya tatu maji yalipata njia, yakaipenda, yakaichimba. Sasa ukisimama ndani ya korongo lile huonekani kichwa. Nyumbani kwetu hakuna anayelisema hilo. Tunasema mvua za siku hizi.

Na Leonce alilijua. Alikuwa mtoto, alikaa kiti cha mbele akishangilia gari likiruka matuta.

"Siamini," akamwambia profesa. "Ni gari. Baba alikuwa anapitisha gari juu ya matuta ya babu, na mimi nilikuwa ndani. Kwenye barua niliona aibu kuandika hivyo."

Profesa akatia mkono mfukoni, akatoa kalamu. Akaomba ile karatasi. Akaiweka juu ya ukingo wa daraja, chini ya miguu ya mtakatifu mmoja wa jiwe, akaandika jina lake, akaandika tarehe. "Hilo ninaweza kulifundisha," akasema. "Lile la kwanza lilikuwa maneno ya redio. Kabla ya mwezi wa kumi na mbili nataka udongo wa korongo hilo, na ramani ya alama za magurudumu." Kisha akaondoka bila kuaga. Ni utovu wa adabu, nami nimemsamehe.

Basi Jumamosi asubuhi alipopiga simu kutuambia, Anneth alipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka. Dakika hiyohiyo akamwandikia Aikaeli, na Aikaeli, bila hata kuuliza kilichotokea, akaweka kwenye kundi la kamati picha ya ile keki ya ndege na kuandika kwamba simba amenguruma. Watu hamsini wakaweka alama za makofi. Ukimweleza Aikaeli ukweli atauliza ukweli huo unauzwa bei gani kwa kilo.

Leonce akasema anamtaka baba yake kwenye simu. Clemensi alikuja, akasimama, hakukaa. Alimsikiliza mwanawe akieleza daraja, na alichosema darajani. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataanza zile dakika kumi na mbili. Alivua kofia, akaishika, akasema, "Ulikuwa mdogo sana. Nilidhani umesahau."

"Sijasahau, Baba."

"Basi umewaambia."

"Nimewaambia."

Clemensi akageuza uso kuelekea bondeni. Mimi nimemdharau mwanangu miaka mingi na sijaacha. Lakini asubuhi ile hakutafuta mvua ya kusingizia, na kwa kuwa ninaandika ya kweli, na hilo nimeliandika.

Leonce akasema, "Nipe Anneth."

Anneth akaichukua simu, akainyoosha kama wanavyofanya wakipiga picha. "Abee, kaka."

"Shusha hiyo simu unisikilize. Una siku ya mapumziko lini?"

"Jumanne. Lakini nina miadi ya kusuka."

"Utasuka Jumatano. Jumanne chukua vigingi arobaini, vya mkaratusi, urefu wa goti. Nenda na Baba mpaka barabarani juu, pale alipokuwa anaacha lami. Umwache atangulie yeye. Usimwelekeze, usimsaidie kukumbuka, usimcheke. Kila tuta alilolikata, asimame, wewe piga kigingi kushoto na kulia, pima upana kwa futi, andika. Mkifika korongoni ushuke ndani. Uchote udongo sehemu nne kutoka juu kwenda chini, kilo moja moja, kila mmoja kwenye mfuko wake, na uandike kina kabla hujachota wa pili. Uanike kivulini, usianike juani. Na pale juu korongo limeingia kwenye shamba la jirani, Mzee Qamara, kwa hiyo Jumatatu jioni nenda ukamuulize kwanza."

"Nimuulize nini?"

"Kila kitu. Kaa mpaka amalize kujibu."